Kaa kwenye beseni: niliyowaambia madereva kuhusu mpasuko wa njia ya haja kubwa

(Haya niliongea na madereva na makonda wa mabasi hapa Morogoro, kijana mmoja akanirekodi kwa simu, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari za saa hizi. Mwenyekiti wenu alinipigia akasema mama njoo utuongeleshe presha na sukari maana madereva tunaanguka, nikamwambia mwanangu presha na sukari nitakuja siku nyingine, leo niachie niongelee kitu ambacho sijawahi kualikwa nikiongelee mahali popote na ndicho ninachoulizwa kila wiki kwa kunong'onezwa, mtu ananivuta pembeni ya ukuta, anaangalia kushoto na kulia, anasema nesi nina shida kule nyuma. Basi ndiyo hiyo. Njia ya haja kubwa kuchanika.

Naona mmeanza kutazamana. Tazamaneni tu, mkimaliza tuendelee, kwa sababu humu ndani wapo wenye nacho leo hii, mtu amekaa kwa upande mmoja kwenye hilo benchi na anajua mwenyewe kwa nini.

Kwanza tujue ni nini. Pale mwisho kabisa, mlangoni, kuna ngozi laini sana, nyembamba kama ya ndani ya mdomo. Choo kikiwa kigumu na kikubwa kinapita pale kwa nguvu kinaichana, mchaniko mdogo tu, mara nyingi haufiki hata sentimita moja, na mara nyingi sana unakuwa upande wa nyuma kuelekea kwenye mkia wa uti wa mgongo. Mdogo hivyo lakini maumivu yake jamani. Watu wananiambia nesi ni kama napitisha vipande vya chupa, na ukishamaliza haja ndiyo kinaanza kuwaka, kinawaka dakika 10, mwingine saa nzima, mwingine mpaka mchana hawezi kukaa. Halafu ukijisafisha unaona damu nyekundu mbichi, matone au mstari juu ya choo. Hapo ndipo mtu anajua anakufa.

Na hapo hapo anasema ana bawasiri. Huku kwetu kila kitu cha nyuma kinaitwa bawasiri. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, ile ya ndani mara nyingi inatoa damu bila maumivu yoyote, unashtukia tu damu. Mpasuko unauma kama kisu wakati choo kinapita na baada ya hapo. Nasema hili kwa sababu nyie ndio mnawabeba wale jamaa, basi likishatoka Chalinze anasimama katikati ya viti na chupa yake, ndugu abiria naomba mnisikilize, dawa hii inatibu bawasiri, mgongo, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo, elfu tano tu. Na konda ndiye wa kwanza kununua! Nimewahi kumuona kijana amepaka ile dawa pale kwenye kidonda, ngozi imebabuka pande zote mbili, mpasuko wa nusu sentimita ukawa donda la kuunguzwa. Alikuwa analia, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, na sikumlaumu hata kidogo, alikuwa anatafuta nafuu kama mtu yeyote.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa, hapa ndipo penye siri yenyewe. Kidonda mdomoni, ukijing'ata ulimi, kinapona siku tatu nne. Kwa nini hiki hakiponi? Kwenye ule mlango kuna misuli miwili imezunguka kama kamba ya mdomo wa mfuko. Wa nje unautawala mwenyewe, ndio unaoubana ukiwa kwenye foleni Kimara. Wa ndani haukuulizi wewe, unafanya kazi wenyewe usiku na mchana. Ngozi ikichanika ule wa ndani unashtuka unajikaza, na ukijikaza damu inapita kwa shida, na upande wa nyuma damu ni chache tangu mwanzo, na kidonda bila damu hakijengi nyama. Ukijikaza pia mlango unakuwa mwembamba, choo kinachokuja kesho kinachana tena pale pale. Halafu wewe mwenyewe umeogopa. Umeamka asubuhi choo kimebana unasema hapana, leo siendi, nitaenda jioni. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, choo kikikaa mle kinanyonywa maji saa baada ya saa, jioni ni kigumu kuliko asubuhi, kesho ni jiwe. Unaenda na jiwe kwenye kidonda.

Mimi najua kwa sababu yalinipata. Mwaka 1998 baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nesi mzima, nilikuwa naacha kula. Nilijiambia nisipokula hakuna kitakachotoka. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, nanyonyesha, na maji sinywi ya kutosha, siku nne sijapata choo, siku ya tano nikaingia chooni nikashika mlango kwa mikono miwili na kanga nimeing'ata. Mama mkwe alikuwa nje anasikia. Hakusema kitu, alienda akabandika maji jikoni, akaleta beseni kubwa lile la kufulia, akachanganya maji, akaingiza kiwiko chake kama anavyopima maji ya mtoto, akaniambia kaa. Nikakaa. Na ule msuli niliousoma chuoni nikausikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu ukiachia, pole pole, kama mtu aliyekunja ngumi anafungua vidole.

Ndiyo dawa ya kwanza hiyo ndugu zangu. Beseni, maji ya uvuguvugu, dakika 10 mpaka 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa ukishatoka chooni tu. Yasiwe ya moto, pima kwa kiwiko, nimeona watu wameungua kwa kukaa juu ya mvuke wa sufuria, msifanye hivyo. Usitie Dettol, usitie sabuni, chumvi sio lazima, magadi hapana, ndimu hapana jamani, maji matupu. Matako yazame, magoti yapande juu, ukae utulie. Ukimaliza jikaushe kwa kugusisha kitambaa laini, usisugue. Hata dereva uliyelala gesti, ndoo ipo na beseni lipo, mwambie mhudumu akuwekee maji ya moto uchanganye mwenyewe, hutaulizwa ya nini.

Dawa ya pili ni kulainisha choo, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, maana hata ukikaa kwenye maji wiki nzima kama jiwe linapita pale kila asubuhi unafanya kazi bure. Hebu niwasimulie kidogo. Kulikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, miaka mingi pale hospitali ya Mulago, ndiye yule ambaye saratani ya taya ya watoto imepewa jina lake. Baadaye akarudi Uingereza akaanza kujiuliza mbona magonjwa ya utumbo niliyoyaona huku kila siku kule Uganda vijijini nilikuwa siyaoni. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa vipimo vyao, walipima choo chenyewe kwa mizani, na wakapima chakula kinachukua muda gani kutoka mdomoni mpaka nje. Wanakijiji wa Uganda walikuwa wanatoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, laini, chakula kimepita kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza gramu kama 100, na kimekaa ndani siku tatu na zaidi. Tofauti aliyoiona yeye ilikuwa nyuzinyuzi, yale makapi ya kwenye nafaka, maharage, majani na matunda ambayo tumbo haliyayeyushi, yanashika maji yanakifanya choo kiwe kikubwa na laini.

Yaani ule mfano mzuri ulikuwa sisi! Bibi zetu. Sasa niambieni nyie mnakula nini barabarani. Saa 9 usiku umeamka, chai na chapati, saa 12 asubuhi basi linatoka, saa 4 enaji, mchana chipsi mayai au wali na kuku pale Ruaha Mbuyuni na soda baridi, jioni nyama choma na ugali wa sembe mweupe kama karatasi. Maji hunywi kwa sababu ukinywa itabidi usimamishe basi, na abiria watapiga kelele kwamba suka anachelewesha. Choo kikibana Mikumi unakibeba mpaka Iringa. Mkisimama kuchimba dawa ni dakika 10, porini, watu 50 wanakuangalia, nani atachuchumaa afanye haja kubwa kwa utulivu pale? Nawaelewa kabisa. Hii kazi yenyewe imepangwa ya kufunga choo, ndiyo maana nimekuja kwenu sio kwa wengine.

Mtu mzima anatakiwa apate nyuzinyuzi gramu 25 mpaka 30 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, umeshafika nusu. Parachichi moja la wastani kama gramu 10. Kwa hiyo sio kitu cha kununua famasi kwa bei mbaya, ni kuagiza tofauti pale pale mnapokula. Mwambie mama lishe wali maharage na mchicha mwingi, na kipande kikubwa cha papai. Nyumbani ugali wa dona badala ya sembe, sembe ni mahindi yaliyovuliwa nguo. Kunde, choroko, matembele, kisamvu, viazi vitamu, embe, chungwa ulile na zile nyuzi zake nyeupe usikamue juisi tu. Njia ya Iringa parachichi na matunda yanauzwa mpaka dirishani, nunueni. Ila ongeza taratibu, ukianza leo na maharage vikombe vitatu tumbo litajaa gesi utasema nesi kaniua. Na lazima maji, lita mbili hivi, zaidi kukiwa na joto, ukiona mkojo wako wa njano iliyokolea kama mafuta ya kula ujue choo nacho kinakauka. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufunga zaidi. Pilipili pumzika nayo kwanza, inawasha ikitoka kama ilivyowasha ikiingia.

Kama chakula hakitoshi, famasi kuna isabgoli, yale maganda ya mbegu unakoroga kwenye glasi ya maji unakunywa haraka kabla hayajaganda, halafu unashushia glasi nyingine. Na kuna sirapu ya laktulozi, salama hata kwa mjamzito na anayenyonyesha. Ila ukichukua panadoli kwa ajili ya maumivu sawa, usichukue dawa zenye kodeini wala tramadoli, hizo zinafunga choo. Na kina mama mliopewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, vinaweza kufanya choo kigumu na cheusi, msiviache, mwambieni nesi na ongezeni maji na matunda.

Kingine ni jinsi ya kwenda. Nenda ukiitwa, hasa asubuhi baada ya chai, maana tumbo likipata chakula utumbo wa chini nao unaamka, ndiyo saa yake. Kwa hiyo dereva kunywa kitu cha moto, ukae kidogo, nenda chooni kabla ya kushika usukani, amka dakika 20 mapema kwa ajili hiyo tu. Choo cha kuchuchumaa ndicho kizuri, njia inanyooka. Cha kukaa weka miguu juu ya kigoda au ndoo ndogo iliyogeuzwa, inama mbele. Usisukume kwa kukaza pumzi mpaka mishipa ya shingo inatokea, pumua, acha tumbo lishuke. Dakika tano kama hakuna kitu ondoka utarudi. Na simu iache nje! Mtu anakaa mle nusu saa anaangalia mpira, ule mlango wote umening'inia. Kujisafisha ni maji, sisi watu wa kutawaza kwa kopo tuna bahati kwenye hili, mkiwa njiani msitumie gazeti wala majani makavu, beba chupa ya maji. Kabla ya kwenda unaweza kupaka kidogo mafuta ya mgando pale mlangoni, yanasaidia kupita.

Mnaweza kusema haya ni maneno ya bibi tu. Mwaka 1986 jarida la madaktari la Uingereza lilitoa utafiti wa watu 103 waliopasuka kwa mara ya kwanza. Waligawanywa, wengine dawa ya ganzi ya kupaka, wengine krimu ya haidrokotisoni, ile ya kutuliza uvimbe na muwasho, wengine maji ya uvuguvugu na pumba za ngano. Baada ya wiki 3 waliopaka ganzi walikuwa wamepona 60 kati ya kila 100, wa krimu 82, wa beseni na pumba 87.

Na sasa nakuja kwenye kosa linalowarudisha watu wengi kwangu. Maumivu yanaondoka kabla kidonda hakijapona. Siku ya tano, siku ya kumi, unaenda choo unasema aah kumbe nimepona, beseni linarudi kufua, maharage yanaachwa, chipsi inarudi. Ile ngozi mpya ni changa kama utando wa maziwa. Choo kigumu kimoja tu, kimoja, unaanza upya, na kila inapochanika na kupona na kuchanika kingo zinakuwa ngumu, kinaota kinyama pembeni, na hapo umeshaingia kwenye mpasuko sugu. Mwaka 1987 ilitoka habari nyingine, watu waliokwisha kupona wakaendelea na pumba gramu 15 kila siku mwaka mzima, waliorudiwa walikuwa 16 kati ya 100, na waliopewa unga usio na kitu ni 68. Kwa hiyo nawaomba, hesabuni wiki 8 hata kama hakuna maumivu, na chakula kile ndiyo kiwe chakula chenu.

Ukifika wiki 6 mpaka 8 umefanya yote na bado, nenda hospitali, usijione umeshindwa. Kuna dawa za kupaka za kulegeza ule msuli, nitrogliserini, hiyo inauma kichwa kwa wengi, na diltiazemu, unapaka kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari. Ikishindikana kuna sindano ya kuulegeza, na kuna upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli wa ndani, unaponyesha zaidi ya 90 kati ya 100, ingawa wachache wanabaki na shida ya kuzuia upepo au choo, ndiyo maana hauanziwi. Na wengine msisubiri wiki 8 wala wiki 1: damu nyingi au iliyochanganyika ndani ya choo, choo cheusi kama lami, kupungua mwili, homa, usaha au uvimbe pale, au mipasuko mingi, au uko upande wa kulia au kushoto badala ya nyuma au mbele. Hizo zinaweza kuwa kitu kingine, TB inakaa hata huko, saratani pia, na aliyevuka miaka 50 akitoka damu mara ya kwanza aonwe tu.

Nisimalize bila kuongea na wanaume. Najua kwa nini hamji. Mnaogopa mtu ataona tatizo liko huko atawaza mambo mengine, atakuuliza maswali, atacheka na wenzake. Wapo wahudumu waliowahi kufanya hivyo na inaniuma sana kama nesi, baba mmoja aliniambia alivua suruali kwenye chumba kimoja cha matibabu na mhudumu akaita wenzake wawili waje waone. Hakurudi hospitali miaka miwili. Alikuja kwangu na mpasuko sugu, amekonda, hali kitu, mke wake anadhani ana ukimwi. Kilichompata ni choo kigumu. Kile kile kinachompata mtoto wa mwaka mmoja aliyeanzishiwa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi. Hakuna cha kuulizwa hapo, na mtu yeyote aliyechanika kwa sababu yoyote ana haki ya kufunikwa shuka na kutibiwa kwa heshima.

Na kuhusu watoto, dada konda pale ameniuliza. Mtoto akianza kukunja miguu, anajificha nyuma ya mlango, anasimama kwa vidole uso mwekundu, huyo hasukumi, anazuia, ameshaumia mara moja anaogopa kama mimi nilivyoogopa. Msimgombeze. Msimwingize kipande cha sabuni, kinaunguza ile ngozi, najua wengi tulikulia hivyo. Papai, parachichi, maji, maziwa ya ng'ombe yapungue, beseni la uvuguvugu hata na midoli yake, na umkalishe kwenye poti dakika tano baada ya kula, mguu ukanyage chini. Isipotulia mpeleke, sirapu za kulainisha za watoto zipo.

Swali lingine? Eti dereva wa lori anakaa siku sita barabarani beseni atalitoa wapi. Baba, lile beseni la plastiki la lita 20 linaingia nyuma ya kiti, nimeona mnabeba majiko na magodoro humo. Na chupa ya chai ina maji ya moto. Unaegesha, unafunga pazia la kebini, dakika 10.

Mimi nakaa pale nje chini ya mwembe mpaka saa 11 jioni, viti ni viwili tu, changu na cha anayekuja, hakuna anayesikia. Mzee mwenye kofia ya bluu umenyoosha mkono ukaushusha mara tatu, njoo uanze wewe.